Sura ya Saba: Gramu kwa Tani

Pointi 2.2 kwa mchezo. Hasheem Thabeet akitajwa popote panapobishaniwa mpira wa kikapu, takwimu hiyo huja kabla hata ya urefu wake wa futi 7 na inchi 3. Alicheza michezo 224 ya msimu wa kawaida katika ligi ya NBA kati ya mwaka 2009 na 2014, na wastani wake wa miaka yote hiyo ukawa pointi 2.2, rebaundi 2.7 na mitupo 0.8 aliyoizuia. Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa mwaka ule. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden. Wa saba Stephen Curry. Kwa anayeisoma orodha hiyo leo, kesi imekwisha: Memphis walipotea, na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA akageuka jina la kutolea mfano kila klabu inapochagua vibaya.

Nyumbani tumegawanyika. Wapo wanaoona aibu, na jina lake likitajwa hugeuza mazungumzo. Wapo wanaosema alibaniwa, kwamba makocha hawakumpa dakika na kwamba Mmarekani angepewa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaliruka swali linalotangulia mengine yote: msimu wa mchezaji unapimwaje? Asiyelijibu hilo hawezi kumtetea Thabeet wala kumhukumu. Anaweza kupiga kelele tu.

Naanzia mahali ambapo wengi hawatapategemea, yaani Makongolosi. Ukitoka jiji la Mbeya kuelekea kaskazini na kuipita Chunya mjini, unaufikia mji huu mdogo wa wachimbaji, ndani ya ukanda wa dhahabu wa Lupa ambao umechimbwa tangu miaka ya 1920. Mpira wa kikapu si mchezo mkubwa huko. Mwisho wa wiki ni wa soka, na wilaya nzima ya Chunya inakumbuka KenGold ilivyopanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25, ikamaliza mkiani na kushuka msimu huohuo. Michezo mingi ya NBA inaanza saa tisa au saa kumi za usiku kwa saa zetu, watu wakiwa wamelala. Hata hivyo, sijui mahali pengine nchini ambapo watu wa kawaida wanauelewa ufanisi kwa ukali kama pale. Mchimbaji wa Makongolosi hajisifii idadi ya viroba vya mawe alivyopandisha kutoka kwenye duara. Mawe yanakwenda karashani, yanasagwa, yanaoshwa, zebaki inakamata dhahabu, na hapo swali linabaki moja: tani imetoa gramu ngapi? Aliyesaga tani kumi na aliyesaga tani moja wanaweza kufika soko la madini la Chunya na uzito uleule mkononi. Mmoja wao atakuwa amemaliza fedha zake zote kwenye dizeli, karasha na vibarua.

Pointi za mpira wa kikapu nazo husagwa kutoka kwenye mawe, na mawe hayo ni mashambulizi. Katika mchezo wa NBA wa dakika 48, kila timu hupata mashambulizi yapatayo mia moja, na hakuna namna ya kujiongezea mengi zaidi ya mpinzani, kwa sababu mkimaliza lenu mpira unakuwa wao. Kila mtupo unaokosa kikapu na kudakwa na mpinzani ni shambulizi lililoliwa. Sasa chukua wachezaji wawili, kila mmoja ana pointi 20. Wa kwanza alitupa mara 13 na kupewa mitupo huru 6. Wa pili alitupa mara 22 na kupewa mitupo huru 2. Gazeti litawaandika sawasawa. Wachambuzi wana hesabu nyingine: unaizidisha mitupo huru kwa 0.44, unaijumlisha na mitupo ya kawaida, unazidisha kwa mbili, kisha unazigawa pointi kwa jibu hilo. Hiyo 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru mingi huja miwiliwili, na mingine hutolewa juu ya kikapu ambacho tayari kimeingia, kwa hiyo mtupo huru mmoja haumalizi shambulizi zima. Wa kwanza anapata takribani asilimia 64. Wa pili anapata asilimia 44, na timu yenye watu wawili wa namna hiyo hufungwa hata kama wote wawili wanatajwa kwenye taarifa ya habari.

Jonathan Kuminga, kijana aliyezaliwa Goma mwaka 2002 na kuchaguliwa wa saba na Golden State Warriors mwaka 2021, ametuachia mfano safi. Msimu wa 2023/24 alikuwa na wastani wa pointi 16.1, na mitupo yake iliingia kwa asilimia 52.9. Msimu uliofuata wastani ulikuwa 15.3. Kwa macho ya haraka ni mchezaji yuleyule. Lakini mitupo iliyoingia ilishuka hadi asilimia 45.4, aliumia kifundo cha mguu na kukosa wiki nyingi, na Jimmy Butler alipofika Februari 2025 zile nafasi za kushambulia kikapu zikawa na mwenyewe mwingine. Mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, wenye uzito mkubwa kwa klabu, kocha Steve Kerr hakumwingiza kabisa. Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki walikasirika, na kwa kiasi fulani nawaelewa, kwa sababu wiki chache baadaye, Curry, nyota wa Warriors, akiwa majeruhi, kijana huyo aliwafunga Minnesota pointi 30 katika mchezo mmoja. Hata hivyo ile tofauti ya pointi 0.8 ilikuwa inaficha tofauti kubwa zaidi ya gharama, na Kerr alikuwa anaiona gharama.

Turudi kwa Thabeet tukiwa na kipimo hicho, maana hapa ndipo jambo linapowachanganya wanaobisha. Kwa asilimia za mitupo, Thabeet alikuwa mzuri! Msimu wake wa kwanza Memphis, 2009/10, mitupo yake iliingia kwa asilimia 58.8. Msimu wa 2012/13 akiwa Oklahoma City Thunder ilifika asilimia 60.4. Wafungaji wengi wakubwa wa ligi hiyo hawajawahi kuzigusa namba hizo. Kwa nini basi hakuwa mfungaji? Kwa sababu alitupa mara chache mno, karibu zote akiwa chini ya kikapu, mpira ukiwa umeletwa na mwenzake hadi mikononi. Jiwe moja lenye chembe inayong'aa haliufanyi mgodi. Gramu kwa tani ina maana pale tu unapojua tani zipo ngapi, na akiongezewa mawe bado atatoa gramu zilezile au la. Thabeet hakuwa na mtupo wa mbali, hakuwa na mwendo wa kumgeuka beki, na mitupo huru ilimwingilia chini ya 60 kwa 100.

Mtego wa pili uko kwenye dakika, na ndio wanaonasa watetezi wake. Msimu wa kwanza alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika 13, akapata pointi 3.1, rebaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Mtu akizivuta namba hizo hadi dakika 36 anapata rebaundi 10 na mitupo zaidi ya mitatu iliyozuiwa, namba za nyota kabisa, halafu anauliza: kwa nini walimweka benchi? Jibu ni kwamba dakika hazivutiki namna hiyo. Senta mrefu anayechelewa hatua moja hulipia kwa fauli, na fauli ya sita inakutoa uwanjani. Thabeet alikuwa akifauli haraka sana. Dakika zake nyingi zilikuwa dhidi ya wachezaji wa akiba wenzake, si dhidi ya wale wanaoanza. Na mbele yake pale Memphis alikuwapo Marc Gasol, aliyefunga wastani wa pointi 14.6 na kudaka rebaundi 9.3 msimu huohuo, mtu ambaye mwaka 2013 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Kocha Lionel Hollins hakuhitaji chuki yoyote ili kumchagua Gasol. Februari 2010 Grizzlies wakampeleka Thabeet kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko.

Dalili zilikuwapo kabla, na naona waliomchagua walizipita kwa sababu ya wastani. Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, Thabeet alikuwa ukuta. Msimu wake wa mwisho, 2008/09, alikuwa na pointi 13.6, rebaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Aligawana tuzo ya mchezaji bora wa kundi lao la vyuo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Blair alikuwa na futi 6 na inchi 7, mfupi kwa nafasi ile. Februari 2009 walipokutana, Connecticut wakiwa wanashika namba moja nchini, Blair alimsukuma Thabeet tangu dakika za mwanzo, akamwangusha chini mbele ya kamera za taifa zima, akamaliza na pointi 22 na rebaundi 23. Thabeet alitoka na pointi 5 na rebaundi 4. Ule ulikuwa mchezo mmoja kati ya zaidi ya thelathini, kwa hiyo katika wastani wa msimu haukuacha alama. Lakini katika NBA kila usiku kuna mtu mwenye nguvu za Blair, na wengi wao ni warefu kumzidi. Mwenye kusoma msimu vizuri huangalia pia mchezaji alifanya nini dhidi ya watu wa aina atakayokutana nayo kesho.

Linganisha na Rudy Gobert wa Ufaransa. Msimu wake wa kwanza na Utah Jazz, 2013/14, alicheza michezo 45 tu, dakika 9.6, pointi 2.3, rebaundi 3.4, mitupo 0.9 aliyoizuia. Naye alipelekwa ligi ya maendeleo. Ukiziweka karatasi mbili mezani bila majina, msimu wa kwanza wa Thabeet ni bora karibu katika kila mstari. Gobert akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara nne: 2018, 2019, 2021 na 2024. Naona sababu mbili za tofauti hiyo. Kwanza, yeye alichaguliwa wa 27, na hakuna aliyekaa akihesabu siku zake. Pili, na hili ndilo zito zaidi kwangu, Gobert aliingia akademia ya klabu ya Cholet akiwa kijana wa miaka 15, akalelewa humo, akacheza kwenye kikosi cha wakubwa kabla ya kuvuka bahari. Thabeet alikuwa na miaka 15 alipoanza kuucheza mchezo wenyewe, Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi kuchaguliwa NBA ni kama miaka saba, ikiwamo ya kuhamia Houston kumalizia sekondari, kujifunza mazingira mapya na kuingia chuo. Mwili ulifika kabla ya mazoea. Miguu inajua wapi pa kusimama baada ya kurudia jambo lilelile maelfu ya mara, na marudio hayo hayanunuliki kwa urefu.

Na tusiseme kwamba mchezaji wa pointi mbili hana kazi. Manute Bol, Mdinka wa Sudan, alimaliza maisha yake ya NBA na wastani wa pointi 2.6. Msimu wake wa kwanza na Washington Bullets, 1985/86, alizuia mitupo 397. Katika maisha yake yote ya ligi hiyo alizuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599. Alizuia vikapu vingi kuliko pointi alizopata mwenyewe. Hakuna anayemwita Bol aliyeshindwa. Makocha walijua wamepewa nini, wakamtumia kwa hilo hilo, na kila mpinzani aliyeingia chini ya kikapu alibadili mtupo wake. Mabadiliko hayo ya mtupo hayaandikwi popote kwenye karatasi ya mchezo.

Yasiyoandikwa ndiyo yaliyomhamisha Thabeet. Februari 2011 Memphis walimtuma Houston Rockets pamoja na haki ya kuchagua mchezaji mpya, wakampokea Shane Battier. Miaka miwili kabla, mwandishi Michael Lewis alikuwa ameandika makala ndefu katika gazeti la New York Times juu ya huyo huyo Battier: mtu ambaye namba zake binafsi ni za kawaida kabisa, lakini akiwa uwanjani timu yake hushinda, kwa sababu anamsukuma mpinzani aliye hatari hadi pale anapokosa zaidi. Kipimo kilichomwonyesha ni rahisi kukieleza. Hesabu pointi ambazo timu imefunga na kufungwa mchezaji akiwa ndani, kisha hesabu akiwa nje, utofautishe. Aprili 2011, katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio Spurs, Battier alitupa pointi tatu sekunde zikiwa zinaisha, Memphis wakashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu klabu iundwe, baada ya kupoteza yote 12 iliyotangulia, na wakaendelea hadi wakawatoa Spurs waliokuwa kinara wa upande wa Magharibi. Hapo ndipo pa kuona bei ya kweli sokoni: kijana wa nafasi ya pili, na nyongeza juu yake, kwa mtu wa miaka 32 ambaye namba zake hazimsifu.

Kipimo hicho nacho kina kasoro, maana mchezaji hubebwa au huangushwa na wanne wanaosimama naye. Ndivyo ninavyousoma msimu bora wa Thabeet, ule wa Oklahoma City 2012/13. Thunder walishinda michezo 60 na kupoteza 22, wakaongoza upande wa Magharibi. Yeye alicheza 66 kati ya hiyo, karibu dakika 12 kila mara, nyuma ya Kendrick Perkins. Pointi 2.4, rebaundi 3. Akiwa na Kevin Durant wa kuvuta mabeki, kazi yake ikapunguzwa hadi ukubwa wake halisi: simama katikati, weka kizuizi mwenzako apite, inua mikono, usifauli. Aliifanya. Timu inayoshinda 60 haimwachii mtu dakika 12 kwa huruma.

Mawe yaliyokwisha kuoshwa Makongolosi hayatupwi. Marudio huuzwa, huingizwa kwenye matenki ya sayanaidi, na dhahabu ambayo zebaki iliikosa hutoka humo. Baada ya 2014 Thabeet alipita ligi ya maendeleo akiwa Grand Rapids, akacheza Yokohama nchini Japani, akarudi Marekani na timu ya Fort Wayne, kisha akaenda Taiwan. Mchezaji aliyeitwa hasara mwaka 2011 alikuwa bado analipwa kucheza mpira wa kikapu zaidi ya muongo mmoja baadaye. Sioni aibu yoyote hapo.

Hukumu yangu basi ni hii. Thabeet hakustahili nafasi ya pili ya mwaka 2009, na wanaosema alibaniwa hawana ushahidi. Alikuwa senta wa akiba wa dakika 10 hadi 12 katika timu nzuri, kazi ambayo watu wachache sana duniani wanaiweza. Pengo kati ya hayo mawili ni deni la waliomchagua kwa kuusoma wastani wa chuo na futi za urefu. Sehemu nyingine ya deni ni yetu, kwa sababu mtoto wa Dar es Salaam, jiji lenye viwanja vya Don Bosco na ligi yake ya mkoa, alifika miaka 15 bila kuudunda mpira kwa mpangilio. Kama ilikuwa hivyo Dar, mtoto mrefu wa Chunya au wa Mufindi ana nafasi gani?

Nawaomba walimu wa michezo wa sekondari za Mbeya na Iringa, mnaopeleka timu za kikapu UMISSETA kila mwaka, mfanye jambo lisilohitaji bajeti. Mkae na daftari pembeni ya uwanja. Andikeni kila mwanafunzi amecheza dakika ngapi, ametupa mara ngapi na mingapi imeingia, amefauli mara ngapi, na timu ilikuwa na tofauti gani ya pointi akiwa ndani. Fanyeni hivyo kuanzia kidato cha kwanza, kwa wafupi na warefu, na mtunze daftari hilo hadi mtoto anapomaliza kidato cha nne, ili siku skauti akija kuuliza apewe kitu zaidi ya urefu.